Kifundo kisicho na adui ndani yake

Sakoidosisi ni ugonjwa ambamo seli za kinga hujikusanya na kufunga vifundo vidogo viitwavyo granuloma, zaidi kwenye mapafu na tezi za kifuani. Jina hili ni geni kwa wengi, lakini vifundo vya namna hiyo si vigeni katika delta ya mto Rufiji, Tanzania. Pale maji ya mto yanaposhinda maji ya chumvi na mpunga ukastawi, konokono wa kichocho nao huweza kuishi. Mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye ukuta wa kibofu, seli za kinga huyazingira, na mtu hukojoa damu.

Kifua kikuu hufuata njia inayofanana. Makrofaji, seli zinazomeza vimelea, hummeza bakteria na kuzionyesha seli T za CD4 vipande vyake. Seli T humwaga intaferoni gama, makrofaji zikapata nguvu, nyingine zikaungana kuwa seli kubwa zenye viini vingi. Seli hizo hujenga ukuta unaomfungia adui. VVU vikimaliza seli za CD4, ukuta hulegea. Ndiyo maana kifua kikuu na VVU huandamana.

Katika sakoidosisi ukuta hujengwa vilevile, ila katikati hakuna yai wala bakteria aliyethibitishwa. Daktari Jonathan Hutchinson alieleza dalili zake za ngozi London katika miaka ya 1870, daktari Caesar Boeck akaupa ugonjwa jina mwaka 1899, na chanzo hakijapatikana hadi leo. Seli za CD4 hufurika mapafuni hata zikapungua kwenye damu. Hapo hutokea jambo la ajabu: kipimo cha ngozi cha kifua kikuu huweza kutovimba kabisa, kana kwamba kinga imelala, ilhali kifuani inafanya kazi kupita kiasi. Kwa wagonjwa wengi vifundo huyeyuka vyenyewe; kwa wengine huacha makovu yanayobana pumzi.

Kikohozi, uchovu na kukonda hufananisha sakoidosisi na kifua kikuu, na picha ya eksirei nayo huweza kupotosha. Kosa hapa ni la hatari. Dawa ya prednisoloni hutuliza seli za sakoidosisi, lakini mwenye kifua kikuu akipewa dawa hiyo bila dawa za kuua bakteria, ukuta unaomzuia adui hubomolewa. Kwa mgonjwa aliyetoka visiwa vya delta kwa boti hadi bandari ya Nyamisati, kisha akashika njia ya mji wa Kibiti, makohozi hupimwa kwanza.