Safari ya Mswada wa Wanyamapori: Kutoka Ukumbi wa Mtaa hadi Gazeti Rasmi

Utangulizi

Jioni moja mzee mmoja, jirani yetu hapa Kayole, alinijia akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa notisi ya kuwaalika wananchi watoe maoni kuhusu kubadilishwa kwa sheria ya wanyamapori, nayo ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kitupu. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiwe unayesomea lugha chuoni. Nisomee hii. Nataka kujua kama tayari ni sheria au bado ni maneno tu, na kama nikisema langu litaingia." Mzee huyu ni mzaliwa wa Taita. Mdogo wake aliuawa na ndovu akilinda mahindi usiku, na jamaa zake wamekaa miaka wakisubiri kulipwa.

Nilimsomea. Hata hivyo, mimi ninayeweza kutenganisha sitiari na taashira sikuweza kumweleza barabara tofauti iliyopo kati ya mswada na sheria. Makala haya ni zao la aibu ile. Yanadhamiria kueleza jinsi mswada wa uhifadhi wa wanyamapori unavyogeuka kuwa sheria nchini Kenya, kisha yaonyeshe ni kwa nini jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kuliko anavyodhani.

Yamkini msomaji atauliza: wanyamapori na mitaa ya Eastlands wana uhusiano gani? Uhusiano upo. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambapo pembe za ndovu zimenaswa mara si haba, uko Embakasi. Mnamo Machi 2016 simba aliyetoroka Mbuga ya Taifa ya Nairobi alimjeruhi mtu kando ya Barabara ya Mombasa. Uchunguzi wa shirika la Born Free uliotolewa mwaka 2004 ulibaini kuwa nyama ya porini ilikuwa ikiuzwa katika mabucha ya Nairobi, na wanunuzi hawakuwa na habari. Fauka ya hayo, wengi wetu tunaoishi Umoja, Dandora au Kayole tuna mashamba na wazee wetu kando ya mbuga hizo. Mtu akikanyagwa na ndovu Voi, matanga huombolezwa Nairobi pia.

Mswada ni nini?

Kwa mwanafasihi, mswada ni kazi ambayo haijachapwa. Mwandishi anaweza kuifuta, mhariri anaweza kuipunguza, na mchapishaji anaweza kuikataa. Maana ya kisheria haiko mbali na hiyo. Mswada wa sheria ni pendekezo lililoandikwa kwa vifungu na kupelekwa Bungeni. Maadamu ni mswada, haumfungi mtu yeyote na hakuna mahakama inayoweza kumhukumu mtu kwao. Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu nililopaswa kumpa mzee.

Mswada huweza kuzaliwa kwa njia mbili. Aghalabu huanzia serikalini: wizara inayohusika huandaa sera, wanasheria wa serikali huiandika kwa lugha ya kisheria, Baraza la Mawaziri huidhinisha, kisha kiongozi wa walio wengi huiwasilisha Bungeni. Njia ya pili ni mbunge mmoja kuuleta kwa jina lake mwenyewe. Njia hii ni ngumu zaidi, kama historia inavyothibitisha.

Funzo la mwaka 2004

Sheria iliyotawala wanyamapori kwa muda mrefu ilipitishwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku uwindaji. Ndovu walizidi kuangamia hata hivyo: inakadiriwa kuwa kutoka ndovu 167,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walisalia takriban 16,000 kufikia mwaka 1989. Mwaka huo sheria ilirekebishwa ili kuunda Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lijulikanalo kama KWS. Marekebisho hayohayo yaliondoa malipo kwa mimea na mali iliyoharibiwa na wanyama. Mkulima aliyelala na shamba la mahindi akaamka na vumbi hakuwa na pa kudai.

Ndipo G. G. Kariuki, aliyekuwa mbunge wa Laikipia Magharibi, alipowasilisha mswada wa kuirekebisha sheria hiyo. Mojawapo ya malengo yake lilikuwa kuongeza malipo kwa familia za waliouawa na wanyama, ambayo wakati huo yalikuwa shilingi 30,000 tu. Waliompinga walihofia kuwa mswada ungefungua mlango wa uwindaji. Bunge liliupitisha mwishoni mwa mwaka 2004, lakini Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi. Chini ya Katiba ya wakati huo, Bunge lilihitaji asilimia 65 ya wabunge wote ili kumshinda Rais. Mswada ukafa.

Kisa hiki kinatufunza kuwa kupitishwa Bungeni si mwisho wa safari. Wananchi waliosikia redioni kuwa "Bunge limepitisha" walishangilia mapema. Iliwabidi wangoje miaka tisa.

Hatua za Bungeni

Katiba ya mwaka 2010 iliiweka safari hii wazi zaidi. Kwanza, mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya ili kila mtu aweze kuuona kabla haujaingia Bungeni. Pili, kwa mujibu wa Kifungu cha 110, Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti huamua kwa pamoja ikiwa mswada unahusu kaunti. Uamuzi huu si wa kupuuzwa, kwani mswada unaohusu kaunti lazima upite katika mabunge yote mawili. Uhifadhi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya taifa, lakini ndovu hutembea katika mashamba ya kaunti, na kamati za fidia zilizoundwa na sheria ya 2013 ziko katika kaunti.

Tatu, mswada husomwa mara ya kwanza. Neno "kusomwa" huwapotosha wengi. Karani wa Bunge husoma kichwa chake tu, na hakuna mjadala. Baada ya hapo hukabidhiwa kamati ya Bunge inayohusika.

Hapa ndipo mahali pa mwananchi. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Kamati hutangaza mwaliko, hupokea maoni kwa maandishi au kwa mdomo, huweza kuzuru maeneo yanayohusika, kisha huandika ripoti. Mzee wangu angeweza kuandika ukurasa mmoja tu, akitaja kifungu anachokipinga na neno analotaka libadilishwe. Maoni yanayosema "hatuutaki mswada huu" husikika, lakini yale yanayosema "katika kifungu fulani, ongezeni muda wa kulipa" ndiyo ambayo kamati inaweza kuyageuza kuwa pendekezo la marekebisho. Kamati hailazimiki kukubali kila oni. Inalazimika kusikiliza.

Nne, mswada husomwa mara ya pili. Sasa wabunge hujadili kiini chake: je, unafaa au haufai? Ukishindwa kwa kura hapa, safari imekwisha. Ukipita, huingia katika Kamati ya Bunge Zima. Hatua hii haina shamrashamra, na mara nyingi vyombo vya habari huiacha, lakini ndiyo jiko la sheria. Wabunge hupitia kifungu baada ya kifungu, wakiongeza neno hapa na kufuta neno pale. Aliyeandika riwaya anaijua kazi hii: ndiyo saa ya kuhariri. Kisha mswada husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura ya mwisho.

Ikiwa mswada unahusu kaunti, Seneti huupitisha katika hatua za namna hiyohiyo. Mabunge mawili yakitofautiana, huundwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Isipoafikiana katika siku 30, mswada huanguka.

Mbele ya Rais

Mswada uliopita huwasilishwa kwa Rais, naye ana siku 14 za kuchagua mojawapo ya mambo mawili: kuutia sahihi, au kuurejesha Bungeni akieleza anachokipinga. Bunge linaweza kuyakubali mapendekezo yake, au kumshinda kwa thuluthi mbili ya kura. Na Rais asipofanya lolote muda ukaisha, mswada huhesabiwa kuwa umeridhiwa. Kimya hakiwezi tena kuua mswada.

Mswada wa wanyamapori wa mwaka 2013 ulitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 24 Desemba 2013, mkesha wa Krismasi, na sheria ikaanza kutumika tarehe 10 Januari 2014. Mbona si siku ileile? Kwa sababu Katiba inataka sheria ichapishwe katika Gazeti Rasmi ndani ya siku saba baada ya kutiwa sahihi, na isipotaja tarehe nyingine huanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa. Sheria haipaswi kumshtukiza mtu.

Sheria hiyo iliweka malipo ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na ikarejesha malipo kwa mimea, mifugo na mali. Iliyaunda pia makosa yenye adhabu kali, ikiwemo faini isiyopungua shilingi 200,000 kwa biashara ya nyama ya porini.

Baada ya sahihi: neno moja linapokosekana

Kifungu cha 92 cha sheria hiyo kilisema kuwa mtu atakayetenda kosa kuhusu spishi zilizo hatarini atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au afungwe maisha, au yote mawili. Mnamo Januari 2014, raia mmoja wa Uchina aliyekamatwa Embakasi, katika uwanja wa ndege, akiwa na pembe ya ndovu ya kilo 3.4, alihukumiwa faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka saba. Nchi ilishangilia.

Hata hivyo, kifungu kilikuwa na kasoro ya lugha. Kilisema "atakayetenda kosa" bila kusema ni kosa lipi. Ni kuua? Ni kuuza? Ni kupatikana tu na pembe? Vifungu vingine vya sheria hiyohiyo viliweka adhabu nyepesi kwa vitendo vinavyokaribiana. Katika kesi zilizofuata mawakili waliupata mwanya huo, hata Bunge likalazimika kukiandika upya kifungu hicho mwishoni mwa mwaka 2018. Miaka mitano ya mvutano mahakamani ilitokana na sentensi isiyokamilika. Mwanafunzi wa sintaksia anayedhani kuwa somo lake halina faida nje ya darasa na akitafakari kifungu hiki.

Lugha ya mswada

Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliagiza kuwa mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili, lakini miswada ikabaki kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge wakawa wanajadili kwa lugha moja maandishi ya lugha nyingine. Leo Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2019. Tanzania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sisi bado tunawaalika wananchi kushiriki katika mazungumzo ambayo maandishi yake hawayasomi. Vijana waliliona pengo hili Juni 2024, walipoutafsiri Mswada wa Fedha kwa Kiswahili na lugha nyingine ili wazazi wao waelewe. Rais William Ruto aliurejesha Bungeni kwa kutumia mamlaka yaleyale tuliyoyaeleza hapo juu.

Kazi ya kutafsiri si kubadilisha maneno tu. Nilipomtafsiria mzee kifungu cha malipo nilitumia neno "fidia." Akatikisa kichwa. "Hiyo ni kifuta machozi," akasema. Hakujua kuwa alikuwa amegusa mjadala mzito. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2011 hazitoi fidia kwa madhara ya wanyama wakali. Hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo. Tofauti ni kubwa. Fidia ni haki ambayo mtu anaweza kuidai, ilhali kifuta machozi ni pole inayotolewa na mwenye nacho. Sheria ya Kenya imetoa haki, lakini madai yamelimbikizana bila kulipwa, na kwa anayengoja miaka, haki hiyo imekuwa haina hata ladha ya pole. Mfasiri asiyeijua tofauti hii anaweza kumpokonya mtu haki yake kwa neno moja, au kumpa tumaini lisilokuwepo.

Hitimisho

Ukumbi wa jamii wa Kaloleni, hapa Eastlands, ulipewa na wenyeji jina la bunge la Waingereza kwa sababu wanasiasa Waafrika walikutana humo zama za ukoloni kujadili mambo ambayo hawakuruhusiwa kuyaamua kwingine. Waliokutana pale hawakungoja kualikwa. Sisi tumealikwa na Katiba, ila mwaliko umeandikwa kwa lugha ambayo wengi hawaimudu.

Napendekeza kuwa vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vichague angalau mswada mmoja kila muhula, viutafsiri muhtasari wake, na kuupeleka katika kumbi za mitaa kabla siku za kutoa maoni hazijaisha. Wahadhiri wa tafsiri wanaweza kuifanya kazi hiyo kuwa zoezi la darasani. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Basi anayekatwa na aujue umbo lake.

Mzee na mimi tuliandika maoni yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Aliomba jambo moja: kifungu kitaje siku ambazo zikipita bila familia kulipwa, mtu awajibike. Aliweka sahihi yake polepole, akaikunja karatasi mara nne, akaniuliza inapelekwa dirisha gani. Hilo nililijua.