Aya ya Wagomaji: Fanon na Kuagana kwa Wahudumu wa Afya ya Akili

Katika barua ya kujiuzulu ya Frantz Fanon ya mwaka 1956 mna aya moja ambayo wanaomnukuu huiruka. Wanachokichukua ni yale mazito yanayoizunguka: kwamba kazi ya tiba ya akili ni kumwezesha mtu asijione mgeni mahali anapoishi, kwamba Mwarabu wa Algeria amefanywa mgeni wa kudumu ndani ya nchi yake, kwamba hufika saa ambapo kukaa kimya ni kusema uongo. Aya ninayoisema mimi ni ya wagomaji, na tangu niione haijanitoka rohoni.

Inahusu mgomo wa tarehe 5 Julai 1956. Siku kama hiyo mwaka 1830 mji wa Algiers ulisalimu amri mbele ya jeshi la Ufaransa. Sasa, mwaka wa pili wa vita vya ukombozi, wafanyakazi wa Algeria walibaki majumbani, na serikali ikaamua kuwaadhibu. Fanon, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida-Joinville, anamwandikia Robert Lacoste, Waziri Mkazi wa Ufaransa, kwamba uamuzi huo hauna mantiki hata kidogo. Ama wagomaji walitishwa, wao na watoto wao, na hapo wajibu wa mkubwa ulikuwa kuielewa hofu yao. Ama hawakutishwa na mtu, na kukaa kwao nyumbani kulikuwa sauti ya watu wote kwa pamoja, na hapo adhabu haina maana yoyote. Kwa njia zote mbili kosa halipo. Kisha anaongeza neno ambalo hakulazimika kulisema. Kwa haki ya ukweli, anasema, wagomaji hawakumwonekania watu wenye hofu. Alichokiona kwao ni nia isiyopindika ya kuleta, kwa utulivu na kimya, zama mpya za amani na heshima.

Basi. Aya imekwisha, barua inaendelea na mambo ya nchi.

Kilichonigusa ni kwamba huyu ni mtu anayeiacha hospitali aliyoifanyia kazi miaka mitatu, na katika barua nzima hamna jina la muuguzi, la daktari mwanafunzi, wala la mpishi. Hakuna asante kwa wenzake, hakuna ile mistari ya adabu ambayo sote tunaijua. Watu wa kazi wanaingia mara hii moja tu, na wanaingia kama watu wa kutetewa. Mimi naisoma kama kwaheri yake kwao. Aliiandika kwa mkubwa aliyekuwa na uwezo wa kuwaumiza, akijua kwamba yeye anaondoka na wao wanabaki.

Nilirudi kwenye barua hii baada ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi ya afya katika nchi zetu ikaagizwa kuacha kazi mara moja. Wasomaji wanaijua habari hiyo. Dawa zilizungumzwa, bajeti zikazungumzwa, na ilikuwa haki. Waliozungumzwa kidogo ni washauri nasaha, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii ambao jioni walikuwa timu na asubuhi ni watu mbalimbali wenye barua mkononi. Mafunzo ya ushauri nasaha yanafundisha namna ya kumaliza tiba na mteja: unamwambia mapema, unahesabu naye vikao vilivyobaki, unampa nafasi ya kukasirika na kulia, unamkabidhi kwa mwingine. Nani anawafundisha wahudumu wenyewe kuachana?

Fanon angelijibu swali hilo kwa ukali, kwa sababu kwake timu ilikuwa ndiyo dawa. Hilo alilisomea Saint-Alban, hospitali ya kijijini kusini mwa Ufaransa, chini ya François Tosquelles, mkimbizi wa Kikatalani kutoka vita vya Hispania. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zaidi ya wagonjwa 40,000 walikufa katika hospitali za akili za Ufaransa, wengi kwa njaa. Saint-Alban iliokoka balaa hilo kwa sababu wauguzi na wagonjwa walitoka pamoja kutafuta chakula kwa wakulima wa jirani. Wakajifunza humo kwamba hospitali yenyewe huugua na yenyewe huponya. Namna muuguzi anavyosemezana na muuguzi mwenzake mbele ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu sawa na sindano.

Na elimu hiyo Fanon alifika nayo Blida Novemba 1953, akiwa na miaka 28. Akapewa wodi ya wanawake 165 wa Kizungu na wodi ya wanaume 220 Waislamu wa Algeria. Kwa wanawake mambo yalikwenda vizuri: mikutano, sherehe, filamu, kazi za mikono, gazeti la hospitali. Kwa wanaume kila kitu kilikwama. Mikutano ilikuwa kimya. Gazeti lilikuwa la kazi gani kwa watu ambao wengi wao hawakufundishwa kusoma? Kufuma vikapu wakakataa, hiyo ni kazi ya wanawake. Mwaka 1954 Fanon na mwanafunzi wake Jacques Azoulay waliandika makala ya kitaalamu kukiri kwamba waliwaletea watu hawa maisha ya Ulaya na kuyaita tiba. Wakabadili njia. Ukafunguliwa mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaletwa msimulizi wa hadithi. Bustani ikapata watu wa kuilima, maana jembe walilijua.

Katika makala hiyo mna jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa habari hii. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabili. Kila swali alilomuuliza mgonjwa wa wodi ile, na kila jibu alilolipata, lilipita kinywani mwa mtu mwingine, mara nyingi muuguzi. Yeye mwenyewe analieleza kwa uchungu. Mualgeria alizoea kumkuta mkalimani mahakamani na katika ofisi za serikali, mahali anapotuhumiwa au anapoomba. Sasa anamkuta tena mbele ya daktari; atafungukaje? Daktari anauliza jambo kwa upole, na upole huo unategemea kama mkalimani anao wa kwake. Mgonjwa anatoa maelezo marefu, na daktari anarudishiwa maneno mawili matatu.

Fikiria maana yake. Kila wodi ile ilipopata nafuu, nafuu hiyo ilipitia kwa mtu ambaye jina lake halimo katika makala wala katika barua. Alikuwa Mualgeria katika hospitali ya mkoloni. Alibeba maneno ya daktari mweusi kutoka Martinique kuyapeleka kwa mkulima aliyevurugikiwa, kisha akayarudisha. Alipomaliza zamu, alirudi nyumbani kwenye mtaa ulio vitani. Msomaji aliyepitia *Viumbe Waliolaaniwa*, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha mwisho cha Fanon, ataikumbuka ile sura ya wagonjwa wa vita: polisi aliyetesa na raia aliyeteswa, wote wawili walimjia daktari mmoja. Ndani ya chumba hicho muuguzi naye alikuwa na masikio.

Jibu la barua lilikuja Januari 1957: Fanon afukuzwe Algeria, aondoke ndani ya saa 48.

Katika siku hizo mbili, mchana na usiku, nani alikwenda wodini kuwaambia wagonjwa? Nani alisimama mkutanoni asubuhi ile, akiwa amezoea kutafsiri, na safari hii hana cha kutafsiri? Na wale walioadhibiwa kwa mgomo, walihesabu kuondoka kwake kuwa utetezi, au walihesabu kuwa wameachwa? Daktari mwenye pasipoti anaweza kujiuzulu kwa kishindo. Muuguzi mwenye watoto sita na doria ya askari mlangoni anajiuzulu vipi? Siulizi ili kumshusha Fanon. Nampenda kwa barua ile. Naamini pia kwamba kubaki kungemfanya awe pambo la mfumo alioulaani. Lakini maswali hayo hayafi kwa sababu aliyeondoka alikuwa na haki.

Kwa baadhi yao kuagana hakukuwa kwa mwisho. Alice Cherki na Charles Geronimi, madaktari vijana wa Blida, walifanya kazi naye tena Tunis. Huko Fanon aliendesha katika hospitali ya Charles-Nicolle kituo cha mchana: mgonjwa anakuja asubuhi, anatibiwa, jioni anarudi kwake. Ndicho tunachokiita leo huduma ya akili ya jamii, na kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa barani Afrika. Cherki aliishi hadi kuandika maisha ya mwenzake, na kitabu chake kimejaa watu wa kazi.

Barua ya Blida ilisafiri mbali. Novemba 1961, wiki chache tu kabla ya Fanon kufariki Marekani kwa saratani ya damu, daktari Franco Basaglia alianza kazi katika hospitali ya akili ya Gorizia, mpakani mwa Italia na Yugoslavia. Siku ya kwanza aliletewa rejista ya wagonjwa waliofungwa kamba usiku, atie saini kama desturi. Akakataa. Basaglia alimsoma Fanon na akaijadili barua ile katika kitabu cha mwaka 1968 alichokiandaa pamoja na timu yake. Fanon, alisema, aliweza kuchagua mapinduzi. Wao Gorizia hawakuwa na njia hiyo, iliwabidi waendelee kuishi ndani ya mgongano. Wakaishi nao mpaka mwaka 1972. Basaglia alikwisha kwenda Trieste, lakini waliobaki, wakiongozwa na Domenico Casagrande, walikuwa wakidai vituo vya afya ya akili nje ya kuta. Wakubwa wa mkoa hawakuvitoa. Timu ikajiuzulu kwa pamoja, na katika kuondoka ikatangaza kwamba wagonjwa waliobaki wamepona na hawana sababu ya kufungiwa.

Mimi naiona tofauti kubwa hapo. Waliondoka siku moja, kwa sauti moja, na neno la mwisho likawa la wagonjwa. Hospitali ile ilikuwa na mikutano ya wazi ya wagonjwa na wahudumu kila siku, kwa hiyo wote walikwisha kujifunza kusemezana. Hata hivyo wagonjwa wengi walibaki palepale, chini ya madaktari wapya. Kuagana vizuri hakukumfungulia mtu lango.

Tena kuna kufungwa kwa namna ya kwanza niliyoitaja, kwa kalamu ya bajeti. Chicago, Aprili 2012, jiji lilifunga kliniki zake 6 za afya ya akili kati ya 12, baada ya baraza la madiwani kupitisha bajeti ya Meya Rahm Emanuel kwa kura 50 bila hata moja ya kupinga. Wagonjwa wa kliniki ya Woodlawn na waliowaunga mkono walijifungia ndani ya jengo, na polisi wakakamata watu 23. Hoja yao haikuwa ya dawa peke yake. Walisema wanampoteza mtu anayewajua, mshauri aliyechukua miaka kuaminiwa. Sauti ya washauri wenyewe ndiyo ngumu kuisikia katika kelele zile. Wao walikuwa waajiriwa wa jiji, na mwajiriwa anayetaka kazi nyingine hunyamaza.

Nikirudi kwetu, naona hatari ileile. Timu ya afya ya akili katika zahanati au kituo cha afya mara nyingi ni watu wachache sana: muuguzi mmoja aliyesomea fani hiyo, mshauri nasaha, wahudumu wawili watatu wa kijiji wanaojua nani hajaonekana mwezi huu na nani amefungiwa chumbani na ndugu zake. Ujuzi huo hauko kwenye jalada. Uko katika mazungumzo yao ya saa ya chai. Mradi ukifungwa ghafla, jalada hukabidhiwa, mazungumzo yanakufa.

Kwa hiyo nawaomba waganga wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa mashirika na wafadhili. Mkilazimika kufunga kliniki ya namna hii, futeni kwanza adhabu ya kila mhudumu aliyesema isifungwe. Tengeni angalau siku nzima ya malipo kamili, kliniki ikiwa bado wazi, waitwe wote pamoja na mlinzi, mfagiaji na mkalimani, wasemezane juu ya kazi waliyoifanya, na kila mgonjwa aambiwe kwa jina ni nani atakayempokea. Barua za kusitisha mikataba zisitolewe kabla ya siku hiyo.