Je, Wajua? Kaya za Kagera na shahada ya uzamili ya uchumi

Kijana wa Rwamishenye, Bukoba, akimaliza shahada ya kwanza ya uchumi, jambo la kwanza analoulizwa mtaani ni hili: "Hongera, sasa benki gani?" Akisema anataka kuendelea na uzamili, mzee mmoja atamuuliza kwa upole kama masomo hayajamtosha. Safu ya leo ni kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya mzee pia.

Je, wajua kwamba kaya za Kagera ni miongoni mwa kaya zilizofuatiliwa na wachumi kwa miaka mingi zaidi barani Afrika? Mwaka 1991 Benki ya Dunia na chuo cha Muhimbili walianza kuhoji kaya zaidi ya 800 katika jumuiya 51 za mkoa huu. Walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaiacha kaya katika hali gani. Sababu ya kuja huku wenyeji tunaijua: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Wadadisi walirudi mwaka 2004, wakarudi tena 2010. Aliyehama hakuachwa. Walimtafuta Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Watoto walikuwa wameoa, kuolewa na kujitegemea, kwa hiyo mwaka 2004 kaya zile za mwanzo zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700.

Je, wajua utafiti huo ulifichua nini kuhusu kuhama? Wachumi watatu, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliwalinganisha watu waliotoka nyumba moja: huyu alihama, yule alibaki. Kati ya 1991 na 2004 kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa nukta 36 za asilimia. Walioacha kilimo walipiga hatua ndefu zaidi, lakini hata aliyehamia mahali pengine akaendelea kulima alimpita mwenzake aliyebaki. Uzuri wa kazi hii ni hapo kwenye "nyumba moja". Ukimlinganisha mtu wa Dar na mtu wa Izimbya huku vijijini, atakayekupinga atasema mmoja alizaliwa na bahati zaidi. Ukiwalinganisha ndugu waliokula chungu kimoja, sehemu kubwa ya pingamizi hilo inakufa. Kujifunza namna ya kuua pingamizi kama hilo ndiko kunakochukua muda mwingi wa mwanafunzi wa uzamili. Fani yenyewe inaitwa ekonometriki.

Je, wajua kwamba mtoto aliyefiwa na mama anaweza kuonekana kwenye takwimu miaka kumi baadaye? Kwa data hizohizo za Kagera, watafiti waliwafuatilia watoto ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuja kuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko wenzao, na wakakosa karibu mwaka mzima wa shule. Nakumbuka nilivyosoma sentensi hiyo mara mbili. Kila familia ya Bukoba na Muleba ina mtoto wa namna hiyo, na bibi aliyemlea. Kumbe kuna watu wanaolipwa kupima pengo lile, ili serikali ijue lina ukubwa gani na lizibwe mapema kiasi gani.

Je, wajua Nyakatoke? Ni kijiji kidogo cha Bukoba Vijijini. Mwaka 2000 kilikuwa na kaya 119, na zote zilihojiwa, bila kuchagua sampuli. Kila mtu mzima aliulizwa: ukipata shida, nani unaweza kumtegemea, na nani anakutegemea wewe? Kaya 119 zinatoa jozi 7,021. Kila jozi ikaangaliwa: ni ndugu? Wanasali pamoja? Wanakaa jirani? Ikawa ramani kamili ya nani humbeba nani mtu anapougua au anapofiwa. Ramani hiyo imetumiwa na wanafunzi wa uzamivu wasiowahi kuona mgomba, kwa sababu vijiji vilivyochorwa vizima namna ile ni vichache sana duniani. Kwetu, habari ya kwamba jirani ni bima si mpya. Kilichokuwa kipya ni kuithibitisha.

Je, wajua kwamba kampuni ya utafiti wa kiuchumi iitwayo EDI haikuanzia Dar es Salaam wala Nairobi? Ilianzia Bukoba, mwaka 2002. Katika ule utafiti wa kaya wa 2010 EDI iliacha dodoso la karatasi, wadadisi wake wakaingiza majibu kwenye kompyuta ndogo huku mwenyeji akiendelea kuongea, na mashine ikawaonya pale jibu lilipopingana na lililotangulia. Fikiria ngazi za kazi hiyo: mdadisi, msimamizi wa timu, mkaguzi wa data, mwandishi wa programu ya dodoso, mchambuzi. Ngazi za chini hazidai uzamili. Ngazi ya mchambuzi mara nyingi inaudai.

Je, wajua kwamba Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1984 huko Uppsala, Sweden, kuhusu migomba na kahawa ya Kagera? Swali lake lilikuwa la nyumbani kabisa: kwa nini mavuno ya mashamba yetu yanashuka, na yafufuliwe vipi. Mwaka 1997 alichapisha katika jarida la World Development utafiti wake wa kijiji cha Kagabiro, kuhusu namna UKIMWI ulivyotikisa uchumi wa wakulima. Alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-HABITAT, kuanzia 2000 hadi 2010. Wengi wanamkumbuka kwa siasa. Mimi humkumbuka kwanza kama mchumi wa kilimo aliyepeleka kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, Ulaya na kukifanya kiwe swali la kitaalamu.

Je, wajua kwamba butura ni mada nzuri ya tasnifu? Mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu Januari inadai sare na ada na msimu haujafunguliwa. Chukua mfano. Akipokea shilingi 50,000 leo kwa kahawa itakayouzwa 100,000 baada ya miezi minne, amekopa kwa riba ya asilimia 100 ndani ya miezi minne, ingawa hakuna aliyetamka neno riba. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, nayo inaendelea. Mchumi tumizi hataishia kumlaumu mnunuzi. Atauliza nani mwingine angempa mkulima fedha Januari, na kwa masharti gani, kisha atatafuta njia ya kulijaribu jibu lake.

Je, wajua mahali pa kusomea? Shirika la AERC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1988, lilijengwa ili Waafrika wasomee uchumi wa ngazi ya juu Afrika. Marehemu Profesa Benno Ndulu aliliongoza kabla ya kuwa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Mwaka 2005 ukaanza mpango wa pamoja wa uzamili wa uchumi wa kilimo na uchumi tumizi, ambamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimo pamoja na vyuo vya Kenya, Uganda, Malawi na kwingine. Wanafunzi husoma masomo ya msingi nyumbani, kisha hukutana Pretoria kwa masomo ya ubobezi. Mtu wa Bukoba na mtu wa Lilongwe wanakaa dawati moja na kugundua kwamba mahindi na ndizi vina matatizo yanayofanana.

Je, wajua kwamba aliyesoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, anaanza na mtaji? Herufi ya M ndiyo yenye kazi. Wanaoshindwa uzamili wa uchumi mara nyingi hushindwa kwenye hisabati, si kwenye uchumi.

Je, wajua kwamba programu ya takwimu ya R inapatikana bure, wakati Stata, ambayo imezoeleka sana kwa wachumi, inauzwa? Anza na R ukiwa bado nyumbani.

Je, wajua kwamba kila halmashauri nchini ina nafasi ya Mchumi? Bukoba Manispaa inayo, Muleba inayo. Kwa kuanzia, Mchumi Daraja la II huhitaji shahada ya kwanza tu, kwa hiyo nisikudanganye: kama lengo lako ni nafasi hiyo, omba sasa, usome baadaye ukiwa kazini. Uzamili hufungua zaidi milango mingine, kama idara za utafiti za Benki Kuu na taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF. Chuo kikuu nacho kina lango lake: mhadhiri msaidizi huhitaji wastani wa 4.0 katika uzamili, na 3.8 katika shahada ya kwanza. Hiyo 3.8 huwezi kuirudia ukishahitimu. Mwambieni mdogo wenu aliye mwaka wa kwanza, leo.

Je, wajua kwamba ufadhili wa masomo wa Japani na Benki ya Dunia humtaka mwombaji awe amefanya kazi ya maendeleo yenye malipo kwa miaka isiyopungua mitatu baada ya shahada ya kwanza? Miaka mitatu ya vumbi la vijijini inaweza kuwa ndiyo tiketi.

Je, wajua kwamba Nobeli ya uchumi ya 2019, waliyopewa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, ina mizizi katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya? Kremer alifanya majaribio yake huko tangu miaka ya 1990. Jaribio mashuhuri la dawa za minyoo lilihusisha shule 75 za Busia. Busia iko ng'ambo tu ya ziwa letu.

Je, wajua, mwisho kabisa, kwamba data za kaya za Kagera, kuanzia 1991, ziko wazi na hazilipiwi? Majina yameondolewa. Zilizobaki ni kahawa, migomba, magonjwa, misiba, madaftari ya shule na nani alihamia wapi. Mtoto aliyekuwa na miaka saba siku alipohojiwa kwa mara ya kwanza sasa amepita arobaini. Yawezekana ndiye anayekuuzia dagaa hapo Rwamishenye, na wewe unaweza kuwa mwanafunzi wa kwanza kulisoma jibu lake ukijua, kwa kusimuliwa nyumbani, mvua ya mwaka ule ilivyokuwa.