Kitufe Kilichopoteza Kivuli

Mtu akichora duara kwa penseli, akapaka weusi upande wa chini na kuuacha upande wa juu mweupe, huku weusi ukififia taratibu unavyopanda, karatasi itaanza kumdanganya. Duara litavimba mbele ya macho yake kama nusu ya chungwa iliyofunikwa mezani. Akiigeuza karatasi juu chini, chungwa linatoweka na mahali pake panatokea shimo. Weusi ni uleule, karatasi ni ileile; kilichohama ni kivuli tu.

Mwanafizikia wa Uskoti, David Brewster, aliandika juu ya kiinimacho cha aina hii mwaka 1826. Mwaka 1988 mtafiti V. S. Ramachandran akachapisha katika jarida la Nature majaribio yanayoonesha kanuni ambayo ubongo hufuata: mwanga ni mmoja, nao unatoka juu. Binadamu ameishi chini ya jua tangu enzi na enzi, kwa hiyo macho yake hayaulizi. Yakiona sehemu ya juu inang'aa na ya chini ina giza, yanasoma kwamba kitu kimevimba. Yakiona kinyume chake, yanasoma kwamba kimebonyea. Hukumu hiyo hutolewa kabla mwenye macho hajafikiri lolote.

Juu ya kanuni hiyo ndogo vilijengwa vitufe ambavyo kizazi kizima cha watumiaji wa kompyuta kilijifunzia kubofya. Kitufe cha kijivu cha Windows 95 kilikuwa na mstari mweupe juu na kushoto, na mstari wa giza chini na kulia, yote miembamba kama uzi, pikseli moja au mbili. Mtu akibofya, mistari ilibadilishana nafasi na maandishi ya katikati yakasogea kidogo kuelekea chini na kulia. Basi. Hapakuwa na picha ya chuma wala ya mbao, lakini aliyeshika kipanya aliona wazi kwamba kitu kimezama na kurudi.

Kitufe hicho kinafaa kukumbukwa kila unapozuka ubishi kuhusu sura ya simu janja. Ubishi huo kwa kawaida husimuliwa kama vita vya ladha kati ya kambi mbili: wanaopenda picha zinazofanana na vitu halisi, zenye ngozi, mbao na vioo, na wanaopenda mtindo bapa wa rangi tupu na mistari myembamba. Ladha ina nafasi yake. Lakini chini yake kuna swali zito zaidi: mtu anayeshika kioo laini atajuaje pa kubonyeza?

Simu za vitufe zilikuwa na jibu la swali hilo. Kwenye kiswaswadu, au kabambe kama Wakenya wanavyoiita, namba 5 ina kinundu kidogo, na kidole gumba kikishakigusa kinajua namba nyingine zote zilipo. Wakala wa pesa anaweza kubonyeza *150*00#, namba ya kufungulia M-Pesa Tanzania, huku akimwangalia mteja usoni. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilijengwa kwa ajili ya simu za namna hiyo: orodha ya maandishi, bila picha hata moja.

Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alikuwa amesimama jukwaani San Francisco akiionesha iPhone. Vinundu vyote vilikuwa vimeondoka. Kilichobaki kilikuwa kioo, na kioo hakimwambii kidole chochote. Kazi ya kidole ikabidi ifanywe na jicho. Ndiyo maana wabunifu wa Apple walipaka vivuli na mng'ao kila mahali. Chini ya skrini iliyofungwa kulichorwa mfereji, ndani ya mfereji kibao chenye mshale, na kando yake maneno ya kumwelekeza mtu atelezeshe. Mwanga ulipita juu ya herufi hizo kutoka kushoto kwenda kulia, upande uleule ambao kibao kilitakiwa kusukumwa. Hata mtoto asiyejua kusoma alikisukuma. Ni moja ya kazi nzuri zaidi za ubunifu zilizowahi kuwekwa kwenye simu.

Kisha uhalisia ukapita kiasi. Programu ya vitabu ikapewa rafu ya mbao, ya michezo ikatandikwa kitambaa cha kijani kama cha meza ya kamari, na daftari likawa karatasi ya njano yenye mistari. Kalenda ya iPad ilivishwa ngozi iliyoshonwa kwa uzi, na mwaka 2012 jarida la Fast Company liliripoti kwamba ngozi hiyo iliigwa kutoka ndani ya ndege binafsi ya Jobs. Juu ya kalenda palionekana masalia ya karatasi, kana kwamba mwezi uliopita umechanwa. Vipande hivyo havikushikika wala kubanduka. Hapo ndipo uhalisia ulipoanza kusema uongo: kivuli kilichokuwa kikimwonesha mtu pa kubonyeza sasa kilikuwa kimezagaa hadi pasipo na cha kubonyeza.

Microsoft ndiyo iliyothubutu kwanza kufuta yote hayo. Windows Phone 7, iliyotangazwa mwaka 2010, ilijaa vibao vya mraba vya rangi moja na maandishi makubwa, kwa kuiga alama za vituo vya treni na mabasi na uchapaji wa Uswisi wa katikati ya karne iliyopita. Apple ilifuata baada ya msukosuko wa ndani. Oktoba 2012 ilitangazwa kwamba Scott Forstall, aliyesimamia programu za iPhone tangu mwanzo, anaondoka, na sura ya mifumo yote ikakabidhiwa kwa Jony Ive, mbunifu wa maumbo ya vifaa vyenyewe. Tarehe 10 Juni 2013 iOS 7 ikaoneshwa hadharani. Craig Federighi wa Apple aliuchekesha ukumbi kwa kusema kwamba kampuni ilikuwa imeishiwa kitambaa cha kijani.

Mageuzi yale yalikuwa na sababu nzuri, na ni haki kuzitaja. Picha ya mbao huchorwa upya kwa kila ukubwa wa skrini, na kufikia wakati huo skrini zilikuwa zimekuwa za kila kipimo. Umbo la rangi tupu hukuzwa na kupunguzwa bila kuharibika, na faili lake ni jepesi, jambo ambalo anayenunua bando la siku hulithamini. Zaidi ya hayo, watu walikuwa wamekwisha kuzoea kioo. Hawakuhitaji tena kushikwa mkono kila hatua.

Je, wote walikuwa wamezoea?

Chukua kitufe kimoja tu, kile cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kwenye iPhone za awali kikiwashwa kiling'aa kwa buluu. Mtindo mpya ulikigeuza kuwa cheupe au kijivu, na toleo la 7.1 la Machi 2014 likakibadilisha tena, bado kwa rangi hizohizo mbili. Mwenye simu alitazama kitufe cheupe kilichokaa kando ya vitufe vya kijivu asijue kama weupe ni kuwaka au kuzimika. Aliandika herufi moja ili ajue, akafuta, akaanza upya. Suluhisho lilikuja mwaka 2015 kwa iOS 9, pale herufi zenyewe kwenye kibodi zilipoanza kugeuka kuwa ndogo na kubwa. Miaka miwili mizima ilipita kabla ya kurudishwa kwa habari ambayo awali ilibebwa na rangi moja ya buluu.

Toleo hilohilo la 7.1 lilileta jambo jingine lenye maana kubwa. Vitufe vingi vya iOS 7 vilikuwa maneno matupu ya rangi, bila fremu wala kivuli, na mtu alilazimika kukisia lipi ni neno na lipi ni mlango. Apple ikaongeza swichi ya kuyapa maneno hayo umbo la kitufe. Kampuni iliyoondoa umbo ilikuwa imekubali kwamba wapo wanaolihitaji.

Watafiti nao walikuwa wameanza kupima. Mwaka 2015, kwenye mkutano uliofanyika Bamberg, Ujerumani, Ivan Burmistrov na wenzake kutoka Moscow walieleza majaribio yao ya kulinganisha mtindo bapa na wa zamani. Kutafuta aikoni bapa kulichukua muda karibu mara mbili, na mienendo ya macho ilionesha akili ikifanya kazi zaidi. Miaka miwili baadaye Nielsen Norman Group ya Marekani iliwapa watu 71 kurasa za tovuti zilizotengenezwa kwa sura mbili, moja yenye vitufe na viungo vinavyojitokeza wazi, nyingine vikiwa vimefifishwa. Kwenye sura iliyofifishwa watu walitumia muda wa asilimia 22 zaidi, na macho yao yakatua mara nyingi zaidi kwa asilimia 25. Zile zilikuwa kurasa za tovuti, na washiriki si umati mkubwa. Hata hivyo majaribio yote mawili yanaelekea upande mmoja: ukiondoa dalili ya kina, jicho linatangatanga.

Hapa ndipo historia ya saikolojia barani Afrika inapostahili kuingia. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini kwa michoro ya mwindaji mwenye mkuki, swala aliye karibu, na tembo mdogo aliyesimama kilimani kwa mbali. Washiriki waliulizwa mwindaji anamlenga nani. Wengi wasiosoma shule walijibu kwamba ni tembo, ambaye kwenye karatasi alikuwa karibu na ncha ya mkuki, na ikahitimishwa kuwa hawaoni kina cha picha. Wakosoaji wa baadaye waliutazama mchoro wenyewe: mistari mitupu, isiyo na nyasi zinazofifia kwa mbali wala mwanga na kivuli. Mwaka 1972 Jan Deregowski na wenzake wawili walikwenda kwa Wame'en wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, watu ambao hawakuwa na mazoea ya picha, wakawaonesha wanyama waliochorwa wakubwa kwenye vitambaa. Wengi waliwatambua, japo baadhi kwa kuunganisha kiungo na kiungo, mkia, mguu, pembe, hadi mnyama akatimia.

Umaskini ulikuwa kwenye mchoro. Aikoni nyembamba za simu za leo, mraba wenye mshale unaotoka juu, vinukta vitatu vilivyopangwa wima, mistari mitatu ya kulala, ni michoro maskini kwa namna ileile, na anayekwama mbele yake hupewa jina la asiyejua teknolojia. Ni lawama isiyo ya haki.

Lakini picha halisi kabisa nayo si dawa, na anayelijua hilo vizuri ni Indrani Medhi. Pamoja na wenzake wa Microsoft Research India huko Bangalore, alibuni programu isiyo na maandishi kwa ajili ya wanawake wanaotafuta kazi za ndani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Walifanya kazi bega kwa bega na wanawake wenyewe, wakijaribu mchoro mmoja baada ya mwingine. Mchoro wa vyombo na bomba ulisomwa kama vyombo na bomba, yaani vitu. Walipoongeza maji yanayotiririka, ukasomwa kama kazi: kuosha vyombo. Michoro iliyofaa ilikuwa ya mkono, yenye ishara za tendo, ikikaa kati ya picha ya kamera na alama kavu. Ubishi wa bapa na uhalisia hauna hata jina la mahali hapo.

Google iliupapasa ukweli huo Juni 2014 ilipotoa mtindo wa Material Design chini ya mbunifu wake Matías Duarte. Rangi zilikuwa bapa, lakini kila kipande kilichukuliwa kama karatasi yenye kimo chake, na kilicho juu kilitupa kivuli kwa kilicho chini. Ngozi ilikwenda, kivuli kikabaki. Kwa macho ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo tasnia ilipokaribia zaidi jibu. Mei 2025 kampuni hiyo ilitangaza toleo jipya lenye vitufe vikubwa na maumbo yaliyochangamka, ikasema limepimwa kwa tafiti 46 na washiriki zaidi ya 18,000, na kwamba watu waliona sehemu muhimu za skrini haraka zaidi, wakati mwingine hadi mara nne. Ni takwimu za mwenye bidhaa, lakini ni vyema kwamba kasi ya jicho sasa inapimwa.

Mwezi uliofuata Apple ilirudi kwenye uhalisia kwa njia nyingine. Mtindo wake wa Liquid Glass, uliotoka na iOS 26 Septemba 2025, huchora vitufe kama vipande vya kioo vinavyopinda mwanga. Kina kimerudi, na ukingo wa kitufe unaonekana. Tatizo limehamia kwenye maandishi. Miongozo ya kimataifa ya tovuti hutaka mwanga wa maandishi ya kawaida na wa usuli wake utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Uwiano huo hukokotolewa kati ya rangi mbili zinazojulikana. Kioo hakina rangi yake: juu ya picha ya usiku maneno meupe yanasomeka vizuri, lakini mtu akiteremsha ukurasa na eneo jeupe likapita chini ya kioo, yanayeyuka.

Malalamiko yalikuwa mengi, na Novemba 2025, kwenye toleo la 26.1, likaongezwa chaguo la kukitia kioo rangi ili maneno yasomeke. Linapatikana ndani ya mipangilio ya skrini. Na ile swichi ya Machi 2014, ya kuyarudishia maneno umbo la kitufe, ingali hapo, ndani ya mipangilio ya ufikivu. Kijana anayemnunulia mama yake simu anaweza kuiwasha kwa dakika moja. Simu ikitolewa kwenye boksi, huwa imezimwa.