Ekseli Ilipokatika Njiani

Msomaji mpendwa, pengine utashangaa kukuta habari za vyuma vya baiskeli katika kurasa ambamo umezoea kusoma juu ya chanjo, uji wa lishe na malezi ya watoto. Hata sisi, miaka michache iliyopita, tungeshangaa. Katika nyumba nyingi baiskeli ni mali ya baba na fundi wake. Mama huijua keria tu, maana hapo ndipo anapopakiwa yeye, mtoto na debe la mahindi. Tuvumilie kidogo, mama mwenzetu, kwa sababu jambo hili lilitugusa katika kazi yetu ya uuguzi kuliko tulivyotazamia.

Sisi ni akina mama wa usharika mmoja katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kazi yetu ni kuwatembelea wagonjwa majumbani. Anayelifahamu bonde hilo anajua ardhi yake ni tambarare na mashamba ya mpunga hayana mwisho. Ndiyo maana Ifakara na vijiji vinavyouzunguka mji huo vimejaa baiskeli. Kikundi chetu kilikuwa na mbili. Moja ni Phoenix nyeusi, kongwe, nzito kama mtu aliyesinzia. Nyingine ilikuwa ya gia, mtumba kutoka Ulaya, tuliyopewa na marafiki wa usharika. Hiyo ya gia tuliipenda mno. Ilikuwa nyepesi, ina rangi ya kupendeza, na akina dada vijana waligombea kuiendesha.

Ubaya wake ulikuwa mmoja: ekseli ya nyuma ilikatika. Mara ya kwanza tulikuwa tumepakia gunia la unga. Fundi akaweka ekseli nyingine, tukalipa, tukashukuru. Baada ya miezi minne ikakatika tena. Fundi akasema barabara ni mbaya, nasi tukakubali, maana barabara zetu kweli ni mbaya. Hatukujiuliza kwa nini Phoenix, inayopita njia hizo hizo na mizigo mizito zaidi, haijakata ekseli hata mara moja.

Mara ya tatu ilikuwa Aprili 2023, masika yakiwa yamekolea. Jioni moja tuliitwa kwa mama mwenye mimba ya miezi minane. Uso na mikono vilikuwa vimevimba, kichwa kinamuuma tangu asubuhi, na alisema anaona ukungu machoni. Tulipima presha, ikasoma 160 kwa 110. Kila muuguzi anajua maana ya dalili hizo zikija pamoja: kifafa cha mimba kiko mlangoni, na mama huyo anatakiwa hospitali saa hiyo, si kesho. Tulipiga simu, gari la wagonjwa likakubali kuja, lakini lisingeweza kupita zaidi ya barabara kuu. Kutoka pale hadi barabarani ni kilomita 6 hivi. Bodaboda mmoja alikuwa amesafiri, mwingine hakuwa na petroli. Tukampandisha mgonjwa kwenye keria ya ile baiskeli ya gia, mwenzetu mwenye nguvu akaendesha, nasi wengine tukafuata na Phoenix.

Hatukufika nusu ya njia. Kilisikika kishindo kifupi, kama ukuni mkavu unapovunjwa gotini, gurudumu la nyuma likalala upande na kukwaruza fremu. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeanguka. Mgonjwa alishuka kwa miguu yake, akaketi juu ya khanga tuliyomtandikia kando ya jaruba. Mvua ilikuwa inaanza. Tukamhamishia kwenye ile Phoenix tuliyozoea kuicheka, nayo ikamfikisha barabarani bila kelele. Usiku ule ule alianzishiwa dawa hospitalini, na mtoto wa kike akazaliwa. Wote wawili ni wazima.

Siku mbili baadaye tulikusanyika chini ya mwembe tukiwa na gurudumu, ekseli vipande viwili, na hasira. Safari hii hatukurudi kwa fundi wetu wa siku zote. Tulimwendea mzee mmoja ambaye ametengeneza baiskeli tangu ujana wake. Alivitazama vile vipande, akauliza, "Mama zangu, zote tatu zilikatikia upande gani?" Tulipokumbuka, tukaona kwamba zote zilikatika upande wa kulia, upande wa cheni. Mzee akatikisa kichwa kama daktari aliyeshapata jibu kabla ya vipimo.

Maelezo yake tutayarudia hapa kwa maneno yetu. Habu ni lile bomba la katikati ya gurudumu linaloshika spoku. Ndani yake, kila upande, kuna gololi, na gololi hizo huzunguka juu ya koni zilizofungwa kwenye ekseli. Uzito wote wa mzigo huingia kwenye ekseli kupitia gololi hizo. Sasa fikiri juu ya benchi la kanisani. Miguu ikiwa karibu na ncha, keti popote, halivunjiki. Lakini mtu akiusogeza mguu mmoja kuelekea katikati, ukiketi ukingoni ubao utapinda, na siku moja utakatika. Katika baiskeli nyingi za gia za bei nafuu, meno ya gia na friwili yake ni kitu kimoja kinachofungwa kwa kuzungushwa juu ya habu. Kwa kuwa meno sita au saba huchukua nafasi, gololi za kulia husukumwa ndani, na ekseli hubaki ikining'inia karibu sentimita 4 bila kitu cha kuitegemeza. Ongeza uzito wa mwendeshaji na mgonjwa, mvuto wa cheni na mashimo ya njiani. Hukatika hapo hapo, kila mara.

Phoenix ina jino moja tu nyuma. Gololi zake zimekaa karibu na fremu pande zote mbili, nayo ekseli yake ni nene, inchi 3/8. Basi huo ndio uzee tuliokuwa tukiudharau.

Swali likawa, tununue nini? Jibu la haraka, ambalo wengi hushauriwa, ni kununua habu ya Phoenix na kuiweka katika fremu ya baiskeli ya gia. Inapatikana kila duka na bei yake ni nafuu. Tulikuwa karibu kufanya hivyo. Mzee akatuzuia kwa kutumia rula tu. Nafasi kati ya uma wa nyuma wa fremu yetu ilikuwa milimita 135, ilhali habu ile ni nyembamba kuliko hapo. Ili ijae ingebidi kuweka ekseli ndefu zaidi pamoja na washa na nati nyingi, na kumbe kwa kufanya hivyo tungerudisha ugonjwa ule ule, ekseli inayoning'inia, tena safari hii pande zote mbili. Uma wa fremu nao usibanwe kwa nguvu ili ufuate habu. Pimeni kwanza, mama zangu, ndipo mtoe hela.

Dawa yenyewe ni habu ya kaseti. Katika aina hii, hasa zile zilizofuata muundo wa Shimano, friwili imejengwa kuwa sehemu ya habu, na gololi za kulia zimesogezwa nje kabisa, karibu na fremu. Meno peke yake ndiyo yanayovuliwa. Mguu wa benchi umerudi ukingoni. Mwanamke yeyote anaweza kuzitofautisha aina hizi mbili dukani bila kumtegemea muuzaji. Tazama katikati ya meno ya gia utaona mifereji midogo ya kuingiza spana ya kufungulia. Zungusha meno kinyumenyume. Mifereji ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Meno yakizunguka na mifereji ikabaki imetulia, hiyo ni ile ya kuzungushwa, na kama unabeba mizigo, irudishe mezani kwa upole. Tulipofanya jaribio hili katika duka moja mjini Morogoro, kijana aliyekuwa akituuzia alikuja kuangalia naye, maana hakuwahi kuambiwa.

Tulikataa pia habu yenye ekseli iliyotobolewa katikati, ile ambayo gurudumu hufungwa kwa kishikio bila spana. Ni nzuri kwa wanamichezo wanaobadili magurudumu upesi. Kwa mbeba mgonjwa, chuma kisicho na tundu na nati mbili nzito ndicho kinachofaa. Wala tusidanganywe na mng'aro. Habu mbili zilizong'aa zaidi dukani pale zilikuwa na mashavu membamba ya aluminiamu, na shavu ndilo linaloshika spoku.

Wapo walioshauri habu yenye breki ndani, ambayo mtu hufunga kwa kukanyaga pedeli kurudi nyuma. Ni ushauri mzuri, nasi tungeufuata kama tungekuwa tunanunua baiskeli nzima. Baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, hutumia habu ya namna hiyo pamoja na keria ya kubeba kilo 100. Tope na maji haviidhuru breki iliyo ndani. Lakini haikubaliani na gia za kurusha cheni, kwa hiyo kwetu ingemaanisha kubadili karibu kila kitu.

Hapa tuwaambie kisa cha matundu, maana kilitaka kutugharimu. Mama Mchungaji alikuwa ametutuma tumchukulie na yeye habu ya baiskeli yake ya zamani. Tukamnunulia. Tulipomkabidhi, alivaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole kama anayehesabu sadaka. "Wanangu, hii ina matundu 36. Ringi yangu ina 40." Ndivyo ilivyo. Baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza na Kihindi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, ilhali nyingine nyingi ni 36 kwa 36. Habu na ringi zisipokuwa na idadi moja ya matundu, gurudumu halifungiki. Tulirudi dukani na aibu yetu. Tangu hapo hakuna anayekwenda kununua habu bila kuhesabu matundu ya ringi na kuyaandika kwenye karatasi, tena na spoku moja ya zamani mkononi, ingawa shavu la habu mpya likiwa kubwa au dogo zaidi, urefu wa spoku nao hubadilika. Mwachie fundi apime.

Gharama haikuwa ndogo. Mbali na habu tulinunua meno, spoku 36 na cheni, kwa kuwa cheni iliyochakaa humaliza meno mapya upesi. Baadhi ya wenzetu walinung'unika. Tulipopiga hesabu ya ekseli tatu, ufundi wake na siku ambazo baiskeli ililala, manung'uniko yakapungua, ingawa hayakwisha. Mweka hazina wetu bado anaamini tungeiuza.

Habu yenye nguvu nayo huuawa na uvivu. Bondeni kwetu maji ya majaruba huingia kwenye gololi na kuosha grisi yote. Wengi humwagia oili chafu ya gari, ambayo hutiririka nje baada ya siku mbili na kuacha mchanga ndani. Sisi hufungua habu zetu kila masika yanapokwisha. Katika Phoenix gololi za nyuma ni 9 kila upande, za robo inchi, na tukikuta moja imepasuka tunabadili zote, maana mpya ikikaa na zilizochakaa hubeba mzigo peke yake. Tunatazama pia koni. Ikiwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, haifai tena hata ukiipaka grisi ya namna gani. Wakati wa kufunga, koni isibanwe ikakaza. Gurudumu lizunguke lenyewe kwa uzito wa valvu, na ukilitikisa lisigonge. Hapo ndipo ile nati ya nje inakazwa kwa nguvu. Gurudumu lililosukwa upya lirudishwe kwa fundi baada ya wiki moja au mbili akaze spoku, kwa sababu hulegea zinapozoea mzigo.

Baiskeli ya gia ipo kazini hadi leo, na ekseli yake ni ile ile. Hata hivyo tumekubaliana kwamba mama mjamzito mwenye dalili za hatari atapakiwa kwenye Phoenix, na ile ya gia itafuata nyuma na mkoba wa dawa, mwavuli na spana.