Mtoto wa nyoka ni nyoka? Pacha wanavyotusaidia kupima urithi

Mtoto akichelewa kujua kusoma, hakosekani mtu wa kusema: "Hata baba yake alikuwa hivyohivyo." Sawa, lakini baba hakumpa jeni tu. Mtoto anakula chakula cha nyumba ile na kusikia maneno ya nyumba ile, na pengine humo ndani hakuna hata kitabu kimoja. Sasa tutajuaje kipi kimefanya nini?

Hapo ndipo watafiti hukimbilia pacha. Pacha wa kufanana wanatoka kwenye yai moja lililogawanyika, kwa hiyo jeni zao ni karibu sawa kabisa. Pacha wasiofanana wanatoka kwenye mayai mawili. Katika jeni zinazotofautisha watu, wao wanachangia nusu tu kwa wastani, kama ndugu wengine. Wote wamelelewa nyumba moja. Basi, wale wa kufanana wakikaribiana zaidi, ziada hiyo tunaihesabu kuwa ya jeni.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme kwa urefu, pacha wa yai moja wanafanana kwa 0.9 na wa mayai mawili kwa 0.5 (1 ni kufanana kabisa). Toa, unabaki na 0.4. Zidisha mara 2, kwa kuwa makundi haya yanapishana nusu tu ya jeni, unapata 0.8. Ndiyo ile "asilimia 80 ni ya kurithi" unayokutana nayo mitandaoni.

Haina maana kwamba asilimia 80 ya urefu wako ni jeni na 20 ni ugali! Inazungumzia tofauti kati ya watu wa kundi lile, katika mazingira yale. Panda mbegu mchanganyiko za mahindi kwenye shamba lenye rutuba sawasawa: mimea ikipishana urefu, sababu ni mbegu. Panda mbegu za gunia hilohilo kwenye udongo uliochoka, shamba zima litakuwa fupi, na hapo mbegu haina kosa.

Mwaka 2003, Eric Turkheimer na wenzake walichapisha utafiti wa pacha wa miaka 7 nchini Marekani. Katika familia maskini, mazingira ya nyumbani yalieleza karibu asilimia 60 ya tofauti za alama za IQ, na jeni karibu sifuri. Kwenye familia zenye uwezo, mambo yaligeuka. Tafiti za baadaye za Ulaya na Australia hazikuona mgeuko huo. Maana yake, namba ya nchi moja usiibebe kwenda nyingine.

Na hata kitu kikiwa cha kurithi, hakijafungwa. Fenilketonuria ni ugonjwa wa jeni unaoweza kudumaza ubongo. Mtoto akipimwa damu siku za mwanzo na kuwekwa kwenye lishe maalumu, anaweza kukua vizuri na kusoma kama wenzake. Jeni ni ileile. Kilichobadilika ni sahani.