KWA NINI BOMBA LILIHAMA KWENYE RAMANI?



Tulipobandika ramani ya kwanza ya mabomba ya maji kwenye ubao wa matangazo, akina mama wa mtaa wa mwisho walicheka, halafu wakakasirika. Bomba lao lilionekana ng'ambo ya barabara, na mabomba mengine matatu yamerundikana juu yake. Wengine walisema tumewaficha. Hapana. Kosa lilikuwa letu sisi vijana tulioandika orodha kwenye kompyuta. Tunalieleza hapa ili kila mtu aweze kutukagua.

PRESISHENI NA SKELI NI NINI?

Programu ya ramani hutunza habari katika jedwali. Kila safu ya namba huwekewa mipaka kabla ya kujazwa. Presisheni ni jumla ya tarakimu zote za namba. Skeli ni tarakimu ngapi kati ya hizo zinakaa baada ya nukta. Namba 54.23 ina presisheni 4 na skeli 2. Safu yenye presisheni 6 na skeli 2 haipokei namba inayozidi 9999.99. Skeli hii si ile ya ramani inayoonyesha sentimeta moja ni mita ngapi.

KOSA LILITOKEAJE?

Kifaa cha GPS hutaja mahali kwa nyuzi. Uzi mmoja wa latitudo ni kama kilometa 111. Kwa hiyo:

- tarakimu 2 baada ya nukta: hatua ya kilometa 1.1
- tarakimu 3: mita 111
- tarakimu 4: mita 11
- tarakimu 5: mita 1 hivi

Sisi tuliweka skeli 2. Chukueni mfano wa bomba lililopo -3.21547 na 30.46728. Kompyuta ikaandika -3.22 na 30.47. Bomba likahama karibu mita 600! Kanuni za Sphere zinasema nyumba isiwe mbali na maji zaidi ya mita 500. Basi kosa la tarakimu chache linaweza kuonyesha kwamba mtaa una maji karibu, kumbe watoto wanatembea mbali na madumu kichwani.

Hata kipimo cha maji kinaguswa. Kiwango cha chini cha Sphere ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Mtaa unaopata lita 14.6, ukiandikwa katika safu yenye skeli 0, unaweza kusomeka 15. Kwenye karatasi hakuna upungufu, na hakuna atakayeongeza maji.

KWA VIJANA WANAOJAZA ORODHA

1. Kwa latitudo na longitudo wekeni presisheni 10 na skeli 5. Katika shepufaili, nukta na alama ya kutoa nazo huchukua nafasi, kwa hiyo msibane.

2. Msisahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Ikikosekana, bomba linakwenda kaskazini.

3. Someni jina vizuri. Katika ArcGIS, presisheni ni jumla ya tarakimu. Katika QGIS, jumla huitwa urefu, na presisheni ni zile za baada ya nukta tu.

4. Namba ya kadi iwekwe kama maandishi. Kadi 00457 ikiwekwa kama hesabu hubaki 457, na mwenye kadi hapatikani.

5. Tunzeni daftari la kwanza. Tarakimu zilizokatwa hazirudi kwa kuongeza skeli baadaye. Sisi tulifungua safu mpya na kuandika upya kutoka daftarini. Mabomba ambayo hayakuwemo daftarini tulirudi kuyapima kwa miguu.

KWA WAKAZI WOTE

Ramani mpya iko kwenye ubao. Tafuteni bomba lenu, choo chenu na njia ya kwenda zahanati. Kisichokaa mahali pake, mwambieni mwenyekiti wa mtaa au sisi wahamasishaji. Kompyuta haijui bomba liko wapi. Anayejua ni yule anayepanga foleni hapo kila asubuhi.